Kugawana mbegu ya maharagwe si wizi: jibu la muuza mbegu

Dada, umeuliza kama ni kweli kikundi chenu cha akina mama huko Butere kinaiba "hakimiliki" mnapogawana mbegu za maharagwe, kwa kuwa kuna mtu aliwatisha hivyo kwenye baraza. Nimesoma majibu yaliyotangulia. Mmoja analaani GMO, yaani mbegu zilizobadilishwa vinasaba maabara, mwingine anasema korti imefuta sheria yote, wa tatu ameingia kutangaza mbolea yake. Mimi niko nyuma ya kaunta ya agroveti hapa Njoro, huu mwaka wa tisa, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha. Na mjue mapema kwamba mbegu za pakiti ndizo zinanilipia kodi ya duka.

Wizi haupo hapo. Sheria yetu ya mbegu hapa Kenya, Sura ya 326, imefunga mambo mawili kwenye gunia moja. La kwanza ni haki ya mtafiti aliyezalisha aina ya mmea. Ili apewe haki hiyo, aina yake lazima iwe mpya, itofautiane na zilizopo, mimea yake ifanane, na isigeukegeuke kizazi baada ya kizazi. Maharagwe ambayo nyanya yako alikuja nayo alipoolewa, nani atasimama leo aseme ni mapya? La pili ni biashara, yaani mbegu gani inaruhusiwa sokoni, na hapo ndipo palipokuwa na miiba. Baada ya marekebisho ya 2012, kuuza au hata kubadilishana mbegu isiyosajiliwa kungeweza kukuletea faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 2. Wakulima 15 wakaenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyomzuia mkulima kuhifadhi na kugawana mbegu zake vinakiuka Katiba. Huyo wa barazani habari hiyo ilimpita.

Sasa kuna ndugu hapo juu anayesema, kwa vile korti imetufungua, hakuna haja ya kununua mbegu tena, hata ya mahindi. Ndugu, nilishafanya hivyo. Kabla sijafungua duka nilikuwa nikilima ekari moja kwetu Lugari. Mwaka wa kwanza nilipanda mahindi ya haibridi ya pakiti, 614, nikavuna magunia 19. Nikajiona mjanja: nikachagua mahindi makubwa makubwa, nikayahifadhi, msimu uliofuata nikayapanda yenyewe. Shamba lilitoka kama watoto wa shule wakati wa paredi, mrefu hapa, mfupi pale. Mengine yalikwenda juu kama mkaratusi yakaangushwa na upepo wa Julai, mengine yakachanua yakiwa usawa wa kiuno. Nilipomenya nikakuta magunzi yana punje upande mmoja tu. Magunia 11. Mbolea ilikuwa ile ile na mvua haikuwa mbaya.

Si kwamba kampuni imeitia mbegu dawa isizae, kama wengi wanavyoamini. Haibridi ni mtoto wa wazazi waliotengwa kwa makusudi kisha wakakutanishwa, na nguvu yake yote iko katika ule mchanganyiko wa kwanza. Ukipanda punje zake, urithi unagawanyika upya, kila mmea unachukua upande wake, na ile nguvu inapungua. Anayenakili wimbo anapata wimbo ule ule. Anayenakili haibridi anapata kitu kingine. Kwa hiyo hata bila polisi wala korti, mahindi ya haibridi nunua kila msimu, au panda aina isiyo haibridi ambayo ukiitunza unaweza kuirudia.

Maharagwe ni habari nyingine kabisa. Ua lake hujichavusha lenyewe, kwa kawaida kabla halijafunguka vizuri, kwa hiyo mtoto anafanana na mzazi miaka nenda miaka rudi. Ndiyo maana maharagwe ya mama yangu bado yako vile vile tangu nikiwa darasa la pili.

Nieleze anavyoyachagua, maana wengi mnagawana yaliyobaki jikoni halafu mnalalamika. Yeye hangoji mavuno. Maganda yakianza kugeuka manjano anaingia shambani na kamba za migomba, anafunga shina ambalo halina jani lenye mabaka na limebeba vizuri. Hayo yaliyofungwa hakuna anayeruhusiwa kuyagusa, hata mgeni aje. Baadaye anayapura peke yake, anatupa kila punje yenye doa, kwa sababu kuna magonjwa ya maharagwe yanayosafiri ndani ya mbegu yenyewe. Anachanganya na majivu yaliyochekechwa, anatia kwenye mtungi, anaufunika. Mtihani wake wa mwisho ni punje kumi kwenye kitambaa kibichi. Zisipoota angalau nane, hampi mtu.

Na hapa niitetee serikali kidogo, ingawa najua mtanirukia. Hizo sheria hazikutoka hewani. Mwaka 2011 kuliripotiwa Bomet ugonjwa wa mahindi unaokausha shamba zima, na mbegu ni moja ya njia unazoweza kusafiria. Tena kuna mbegu feki. Mwaka wangu wa pili dukani nilinunua mabunda manne kutoka kwa muuzaji mmoja wa jumla aliyekuja na pikapu, bei nzuri, pakiti zinang'aa. Mzee mmoja kutoka Mau Narok akarudi na pakiti yake mkononi, hakupiga kelele. Akaiweka kwenye kaunta, akamwaga punje kiganjani: zilikuwa na rangi ya waridi, sawa, lakini nyingine pana, nyingine za duara, mbili zimetobolewa na fukusi. Mahindi ya posho yaliyopakwa rangi. Nilimrudishia pesa, ila msimu haurudishwi. Tangu siku hiyo kila mteja anakwangua kibandiko mbele yangu na kutuma ile namba iliyo chini yake kwa 1393, huduma ya SMS ya kuhakiki mbegu, kabla hajalipa. Foleni ikiwa ndefu, na iwe ndefu.

Hiyo rangi ya waridi, kwa njia, si GMO. Ni alama kwamba mbegu imepakwa dawa ya wadudu na ukungu, usije ukaisaga. Marufuku ya GMO iliwekwa Novemba 2012 baada ya utafiti wa panya uliofanywa Ufaransa, ambao jarida lililouchapisha liliuondoa mwaka uliofuata. Baraza la Mawaziri likaifungua Oktoba 2022, kisha kesi zikafuata. Hilo lina mjadala wake. Maharagwe yenu hayamo humo.

Kinachonichekesha ni watu kusema mbegu za kienyeji ni ushamba na haibridi ni sayansi. Haibridi yetu ya kwanza, 611, ilitoka Kitale mwaka 1964. Mzazi mmoja alikuwa mahindi ya Kitale, wa pili mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, ambayo wakulima wa milimani huko walikuwa wakiyatunza na kupeana vizazi na vizazi. Hakuna aliyewatoza.

Kwa hiyo, dada, gawaneni. Ila nunueni daftari, muandike nani amempa nani, lini, na kutoka shamba gani, ili ugonjwa ukitokea mjue mrudi wapi. Zile zenye doa pelekeni sufuriani. Na kama kuna aina ile ndogo nyeusi inayoiva haraka, niwekee nusu gorogoro. Nitapita Butere Aprili nikienda matanga.