Ukinyoa leo, skrabu isubiri

Habari za kazi mhariri. Swali lenu la wiki hii mmeuliza uso ufanyiwe skrabu, yaani kusuguliwa kutoa ngozi iliyokufa, mara ngapi kwa wiki na kwa kitu gani, nkasema hili nalijibu mwenyewe maana ndo kazi yangu, mwaka wa 7 huu nipo saluni ya kiume hapa Sinza, ukitoka kwa kinyozi unahamia kwangu nakuosha kichwa, skrabu, mvuke kidogo, taulo ya moto, unaondoka.

Kwa watu wengi mara 1 kwa wiki inatosha, mwenye ngozi ya mafuta anaweza kwenda mara 2, mwenye ngozi kavu hata siku 10 zipite hamna shida. Lakini mi kabla ya kukuhesabia mara ngapi ntakuuliza kwanza, umenyoa lini?

Maana angalieni tunavyofanya saluni nyingi. Mashine imepita, wembe umechonga laini ya ndevu, spiriti imepigwa mtu kakunja uso, na hapohapo hata dakika 5 hazijaisha dada anachota skrabu ya punje anaanza kusugua. Wembe peke yake ushakwangua ngozi ya juu, pale pana vijeraha vidogovidogo ambavyo jicho halioni, afu wewe unapitisha punje juu yake na mkono wa nguvu. Nilifundishwa hivyohivyo na nimewafanyia watu hivyohivyo miaka, na naumia nikikumbuka.

Kuna kaka mmoja alikuwa anakuja kila Jumamosi, kila akilala kwenye kiti ananiambia dada leo sugua kwelikweli, nataka nisikie. Basi nasugua. Baada ya miezi kama mitatu hivi nikaanza kuona chini ya taya na shingoni vipele vigumu, ukipitisha kidole vinakwaruza, na kila kipele kikinywea kinaacha doa jeusi, shingo ikawa kama imenyunyiziwa pilipili manga. Yeye anadhani ni uchafu, anataka tuongeze kusugua, na mimi naongeza. Siku moja nimemfuta nikaona taulo nyeupe ina vidoti vya damu, nikaacha palepale, nikamwambia kaka mi siendelei, nenda kaone daktari wa ngozi.

Aliporudi akanieleza alichoambiwa na ndo kilichonifungua macho. Kwanza nywele zetu zimejikunja, ukizinyoa hadi chini kabisa ile ncha inageuka inarudi kwenye ngozi, ndo kipele. Pili ngozi nyeusi ikiumizwa inamwaga rangi pale ilipoumia, ndo lile doa, na linaweza kukaa miezi, na ukilisugua unaliumiza tena linazidi kuwa jeusi. Tatu ngozi inajibadilisha yenyewe, seli za chini zinapanda juu zinakufa zinapukutika, kwa kijana ni kama wiki 4 hivi na umri ukienda inachelewa zaidi, kwa hiyo skrabu inasaidia tu kuondoa zile zilizokwisha kulegea, haina haja ya nguvu. Akaambiwa aache skrabu kwa mda, aache kunyoa kwa wembe, na apake sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, yenye SPF 30 (kipimo cha kinga yake) kila asubuhi maana jua linayakoleza yale madoa.

Bibi yangu alikuwa mtu wa Tanga na alishasinga mabiharusi wengi, na nikimkumbuka alivyokuwa anafanya naona alijua hili bila kuambiwa na daktari. Singo yake, yaani ile dawa ya manukato ya kusugulia mwili, imetwangwa ikachekechwa mpaka laini kama unga, anailowesha na marashi, anampaka mwali mkono mzima, anaiacha ianze kukauka, ndo anaipitisha kiganja taratibu inadondoka yenyewe kwenye mkeka na taka zake. Hakuwa anakwangua. Hiyo skrabu ya punje kali za maganda ya kokwa tunayonunua madukani angeishika kwenye vidole akairudisha.

Kwa hiyo ukiwa nyumbani, osha uso na maji ya uvuguvugu, chukua skrabu laini, zungusha kwa ncha za vidole nusu dakika hadi dakika moja, suuza, paka losheni ngozi ikiwa na unyevu. Ikiwaka ujue umezidisha. Ndimu na baking soda naomba muache kabisa jamani, ndimu ni asidi kali mno kwa uso na baking soda ni kinyume chake, zote zinaharibu ile kinga ya ngozi. Kama una chunusi zenye usaha usisugue chochote, tafuta ile ya maji ya salicylic acid, asilimia 2 inatosha, unapaka bila kusugua na yenyewe inalegeza zile seli, anza mara 1 kwa wiki usiku, na usiku huo usichanganye na retinol, ile dawa ya ngozi ya jamii ya vitamini A.

Na wanaotumia mkorogo, zile krimu za kujichubua, dada na kaka zangu, mi siwafanyii skrabu na sio kwamba nawanyanyapaa. Ngozi imeshakuwa nyembamba, nimewahi kumgusa mtu kidogo tu ikachubuka kwenye shavu. Achaneni nao kwanza, muone daktari, skrabu baadaye.

Kitu kingine ukikaa kwenye kiti angalia taulo na brashi, uliza kama zimefuliwa, ni haki yako, ukiona taulo hiyohiyo imetoka kwenye uso wa mwenzio kataa.

Saivi kwangu siku ya kunyoa ni kuosha tu na kitambaa cha uvuguvugu, mteja anarudi baada ya siku 3 au 4 kwa skrabu. Mwanzoni bosi hakupenda, alisema tunapoteza hela. Yule kaka sasa ananyoa Jumamosi kwa mashine tu, anaacha ndevu fupi, anakuja kwangu Jumatano jioni akitoka kazini, shingo imebaki na madoa mawili matatu yaliyofifia upande wa kushoto.