Bibi hakuja kudai hela

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Umewahi kununua au kuuza kazi ya msanii bila yeye kupata senti? Nani alaumiwe?" Nimewahi. Tena si mara moja wala kwa bahati mbaya. Nilikula kwa kazi hiyo miaka minane, kuanzia 2008 hadi 2016, kwenye kibanda changu cha kurushia nyimbo karibu na stendi ya Masasi.

Vijana wa sasa huenda hawakuvikuta vibanda hivyo. Ilikuwa kompyuta moja ya mezani, kadi rida, spika mbili zinazotazama barabarani, na benchi. Mteja analeta memori kadi au flashi, anataja anachotaka, unamrushia. Wimbo mmoja shilingi mia. Kujaza kadi ya GB 2 ni elfu mbili, na asiyekuwa na hela hiyo anapunguziwa, maana kunakili hakukunigharimu chochote zaidi ya umeme. Msimu wa korosho ndio uliokuwa msimu wangu pia. Malipo ya kwanza yakishatoka, watu walishuka kutoka vijijini, wananunua sabufa, halafu wanakuja kwangu moja kwa moja na boksi kichwani, kwa sababu sabufa isiyo na flashi ni pambo tu. Kuna mwaka nililipa ada yote ya mdogo wangu kwa nyimbo za watu.

Niruhusuni nijitetee kidogo, kisha nitaacha. Sidii halisi hazikutufikia kwa wakati. Mzigo ulitoka Kariakoo, na kabla kipande cha Ndundu hadi Somanga hakijatiwa lami, kilomita zile 60 tu, masika ikichachamaa basi lilikuwa linaweza kulala njiani na abiria wake. Sidii ikifika Masasi, wimbo umeshachuja redioni. Sisi wenye vibanda ndio tuliokuwa wasambazaji wa muziki huku kusini, bila kuteuliwa na mtu. Mwaka 2013 zikaja kanuni za stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu. Stempu ilikuwa ya kubandikwa kwenye sidii au kanda. Mimi sidii sikuwa nazo. Ningeibandika wapi, kwenye flashi ya mzee wa Lukuledi?

Msako ukija tulipigiana simu, tukazifunga mashine kwenye kanga na kuzihamishia nyumbani. Siku moja nilichelewa. Ofisa aliyenikuta alikuwa mtu mpole kabisa, akaketi kwenye benchi langu akanisomea makosa yangu. Nikamuuliza: nikitaka kulipa ili niwe halali, nalipa wapi, na wimbo mmoja ni shilingi ngapi? Akafikiri kidogo, akasema ataniletea fomu. Namngoja mpaka leo.

Nadhani barua nyingi mtakazopokea zitaishia hapo: barabara, bei, umaskini, sheria isiyofika mikoani. Yote ni kweli. Lakini kwenye kompyuta yangu kulikuwa na folda moja ambayo utetezi huo hauigusi. Niliiita ASILIA.

Humo niliweka ngoma ambazo watu walirekodi kwa simu kwenye sherehe: sindimba, ngoma za Wayao, za Wamakua, rekodi za Newala, Tandahimba, Nanyumbu. Bongo Fleva nilijua ina mwenyewe, hata kama simlipi, na kila nilipoirusha nilijua nafanya nini. Ngoma niliiona kama maji ya mto, kila mwenye ndoo anachota. Nani alitunga sindimba? Basi.

Mwaka 2011 kijana mmoja wa bodaboda alinirushia kwa bluetooth rekodi ya dakika 11. Sauti za wanawake, makofi, ngoma ndogo kwa mbali, mtoto anakohoa. Zilikuwa nyimbo za unyago, na si zile za siku ya kumtoa mwali ambazo mtaa mzima unacheza na kutuza. Zilikuwa za ndani, zile ambazo kungwi humfundisha mwali mlango ukiwa umefungwa. Maneno yake siyaandiki hapa. Mwanamume hapaswi kuyasikia. Nami nimepita jandoni, sina cha kusingizia, najua maana ya jambo la ndani. Niliisikiliza yote mpaka mwisho, kisha nikaiweka kwenye folda.

Wateja hawakuitaja kwa jina. Walisogea dirishani, wakaangalia huku na huku, wakasema, "Nipe na ile ya kina mama." Iliuzika kuliko kitu kingine chochote humo ndani, na iliuzika kwa sababu ile ile iliyofanya isistahili kuuzwa.

Mwaka uliofuata akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume wa miaka kama kumi. Hakukaa. Alifungua fundo la kanga akatoa memori kadi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeuza nyimbo?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Humu ndani mna sauti yangu."

Nikajua mara moja ni ipi. Nikadhani amekuja kudai, na kwa kweli nilipata nafuu, maana madai ya hela nilikuwa nayaweza. Nikafungua droo, nikatoa elfu kumi, nikaiweka dirishani. Akaisogeza pembeni kwa ukingo wa kiganja, kama anayeondoa makombo mkekani.

"Sikuja kudai hela. Futa."

Nikafuta mbele yake, nikafuta na kwenye kapu la taka la kompyuta, nikafuta na kwenye kadi aliyokuja nayo. Akauliza, imekwisha? Nikasema imekwisha, bibi. Akanitazama. "Na kwa wale uliowapa?"

Sikuwa na daftari la wateja. Nani aliandika daftari? Nilikuwa nimeirusha karibu kila siku kwa miezi mingi, na kila niliyemrushia angeweza kumrushia mwingine. Bibi akanieleza, bila kupandisha sauti, kwamba aliyerekodi ni binti aliyeingia na simu chini ya kitenge. Na kwamba wanawali wa siku ile walikuwa wawili, na sasa wakipita kisimani vijana wanawaimbia vipande. Mmoja alikuwa ameacha kwenda shule. Kisha akamshika mjukuu mkono wakaenda zao. Elfu kumi ilibaki dirishani.

Mpwa wangu amesomea sheria. Miaka kadhaa baadaye nilimsimulia, naye akanitolea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Nilimwambia nilichokuwa nikijiambia mwenyewe: hakimiliki inamlinda mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na aliyetunga nyimbo za unyago alikufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Kwa hiyo ni mali ya wote. Mpwa akacheka. Kwanza, akasema, sheria hiyo hiyo ina sehemu yake kuhusu sanaa za jadi, na kuzifanyia biashara nje ya mila yake kunahitaji kibali. Pili, mjomba, soma jina la sheria mpaka mwisho.

Hakishiriki. Neno hilo nilikuwa nimelisikia kwenye matangazo ya redio nikidhani ni pacha wa hakimiliki, limewekwa kunogesha. Kumbe ndilo lililokuwa la bibi. Hakishiriki ni haki ya anayeimba, anayepiga, anayecheza. Wimbo unaweza kuwa na miaka mia tatu na mtunzi asijulikane, lakini sauti iliyouimba usiku ule ni ya aliyeuimba. Na haki yake ya kwanza, kabla hatujafika kwenye malipo, ni kukataa kurekodiwa.

Kukataa! Miaka minane nilisikia mabishano kuhusu wizi wa kazi za sanaa, kwenye msako, redioni, kwenye mikutano ya wasanii, na kila mara yalikuwa mabishano ya bei: nani alipwe, kiasi gani, kupitia wapi. Hata swali lenu, Mhariri, mnisamehe, limeuliza kuhusu senti.

Sasa nijibu nani alaumiwe. Kwa Bongo Fleva nalaumiwa mimi pamoja na wengine wengi: msambazaji aliyeona Masasi ni mbali, waliotunga utaratibu wa kukamata bila kutunga wa kulipia, mteja aliyetaka cha mia. Msanii wa nyimbo zile akija leo tutakaa, tutapiga hesabu, nitaumia mfukoni, yataisha. Kwa ile ya kina mama tunalaumiwa wawili, binti mwenye simu na mimi. Wateja siwaingizi. Nisingeiweka kwenye folda wasingeiomba.

Vibanda vimekufa. Simu janja na bando vimevimaliza, na mimi sasa nauza vifaa vya umeme. Lakini folda ya ASILIA haikufa, imehamia mtandaoni. Nawaona vijana wanapandisha video za ngoma za vijijini kwetu, wazee wanacheza, watazamaji maelfu, na jina linaloandikwa ni la mwenye simu.

Mwaka jana nilipanda bodaboda kutoka Mangaka kwenda msibani. Kijana amefunga kispika kwenye usukani, kinatoa muziki mchanganyiko. Tulikuwa tumeshatoka mjini niliposikia makofi, kisha mtoto anakohoa. Kile kikohozi ningekitambua popote. Nikamgonga begani nikamwomba azime.

"Kwani wimbo wako, mzee?"

Nikamwambia si wangu. Nikamuuliza ameutoa wapi. Akasema umo kwenye memori tangu aliponunua spika. Akabonyeza, ikaingia singeli, tukaendelea na safari.