Kozi mbili ngumu muhula mmoja, na unataka first class?

Mdogo wangu, umesema uko mwaka wa pili hapo Moshi, unawinda first class (daraja la juu kabisa la shahada), na unataka kuchukua kozi mbili za hiari ngumu kwa mpigo ili mwaka wa tatu ubaki na utafiti tu. Mimi ningechukua moja.

Angalia krediti kwanza, jina la kozi baadaye. Krediti moja ni saa 10 za kazi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 inakudai saa 120, ukijumlisha lekcha, semina na kujisomea. Tena uzito wake ndio unaovuta GPA, yaani wastani wa pointi zako. Ukipata B (pointi 3) kwenye kozi ya krediti 12 na A (pointi 5) kwenye ya krediti 8, wastani ni 3.8. Ukigeuza matokeo hayo, unapata 4.2. Na first class inaanzia 4.4! Ndiyo maana hizo "kozi za kupanda", yaani rahisi za kupandisha GPA, wanazosifia kule hosteli hazisaidii sana kama ni za krediti chache.

Kabla ya kusajili, weka ratiba za kozi zako mezani uone kama vipindi havigongani. Ongea na waliosoma kozi hiyo mwaka jana, uliza kuhusu kazi za kikundi, maana hizo ndizo zinazokula wikiendi.

Ada pia ilipe mapema. Mfumo wa usajili ukikufungia siku ya mwisho kwa sababu ya ada, utashinda kwenye foleni ya uhasibu huku wenzako wanajaza nafasi. Ukishasajili, chapisha fomu yenye orodha ya kozi zako uitunze mpaka matokeo yatoke.