Maumivu yaliyonirudia siku ya tatu baada ya kung'oa jino

Gego langu la chini, upande wa kulia, liling'olewa saa nne asubuhi. Ganzi ilipoisha niliumwa, lakini vidonge viwili vya paracetamol vilitosha nikalala. Siku ya pili nilikunywa uji na kula ndizi za kuponda. Usiku wa siku ya tatu nikaamka nimeshika sikio.

Nilidhani ni sikio kweli. Maumivu yalianzia kwenye taya, yakapanda hadi sikioni na kichwani, yakidunda bila kupumzika. Mdomo ulikuwa na ladha mbaya na harufu niliyoisikia mwenyewe. Nikawasha taa, nikajitazama kwenye kioo: pale palipokuwa na donge jeusi la damu pamebaki shimo, na ndani yake cheupecheupe. Ule ulikuwa mfupa.

Asubuhi nikaenda duka la dawa, nikanunua antibayotiki bila cheti cha daktari. Siku mbili nikameza, siku mbili nikalia. Jirani akasema mzizi umebaki ndani. Mwingine akasema daktari hajui kazi. Hasira zikanipanda, na hasira hizo ndizo zilizonichelewesha kurudi kwa yule aliyeling'oa jino. Nazijutia mpaka leo, maana aliponiangalia hakuchukua hata dakika tano kujua.

Jino likitoka, damu huganda ndani ya tundu lake. Donge hilo ndilo kifuniko cha mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya iote. Likitoka mapema, mfupa hubaki wazi. Chai, chakula, hata hewa vikigusa, unasikia moto. Madaktari huita hali hiyo tundu kavu. Huwapata zaidi waliong'olewa magego ya chini, hasa la mwisho kabisa, wavuta sigara, na wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Dalili yake kubwa ni hiyo iliyonipata: unaanza kupata nafuu, halafu kati ya siku ya pili na ya nne maumivu yanarudi makali kuliko mwanzo. Si jipu, ndiyo maana antibayotiki zangu hazikusaidia kitu.

"Ulisukutua lini mara ya kwanza?" daktari akaniuliza.

Jioni ileile. Shangazi alinichemshia maji ya chumvi, akaniletea kikombe mwenyewe. "Sukutua sana, mwanangu, kidonda kisafike." Nikasukutua kwa nguvu na kutema kwa nguvu. Chumvi si mbaya, shida ilikuwa saa. Subiri saa 24 zipite. Kisha chukua glasi ya maji ya vuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, yapeleke upande wa kidonda kwa kuinamisha kichwa tu, halafu fungua mdomo yadondoke yenyewe. Siku hiyo ya kwanza usiteme, usinywe kitu kwa mrija, usinywe chai ya moto. Sigara iache kwa siku kadhaa, si siku moja.

Daktari alilisafisha tundu, akapachika kipande kidogo cha gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, chenye dawa. Harufu yake ikanirudisha Pemba nilikokulia, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi. Ndiyo hiyo hasa: dawa ile ina kiungo kinachopatikana kwenye mafuta ya karafuu, nacho hutuliza maumivu. Kabla sijafika kituo cha daladala nilikuwa nimelisahau sikio. Nilirudi mara mbili kubadilishiwa. Lakini usijimiminie nyumbani mafuta makali ya karafuu, yanaunguza ufizi. Aspirini nayo usiiweke juu ya kidonda, inababua nyama.

Kuna mambo ya kawaida yasiyopaswa kukutisha. Mate kuwa na wekundu siku ya kwanza ni kawaida, na shavu linaweza kuvimba mpaka siku ya pili au ya tatu kisha likaanza kushuka. Damu ikijaa mdomoni, kaa wima, ng'ata gozi safi kwa nusu saa nzima bila kuchungulia. Isipokata, nenda. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda au una kisukari, hayo yasemwe kabla sindano ya ganzi haijaingia.

Uvimbe ukishuka chini ya taya kuelekea shingoni, homa ikapanda, ukashindwa kumeza mate au pumzi ikabana, usisubiri kuche. Nenda hospitali usiku huohuo. Mdomo ukibaki na ganzi hadi kesho yake, au umeng'oa gego la juu na maji unayokunywa yanatokea puani, hayo pia ya kurudi kwa daktari, na wakati huo usipenge kamasi.

Najua ilivyo ngumu kurudi kwenye kiti kilekile ulichoumia. Mimi ilinichukua siku mbili ambazo sikuhitaji kuziumwa. Ukifika, mweleze uling'oa lini, maumivu yamerudi siku ya ngapi, na umemeza dawa gani, hata zile ulizojinunulia mwenyewe.