Asilimia 70 ilinitia hofu, kumbe mshipa wenye shida ulikuwa mwingine

Jana usiku kuna dada kanitumia meseji, baba yake kafanyiwa angio (ile picha ya mishipa ya moyo), wameambiwa mshipa wa moyo umeziba asilimia 60 na watafute hela ya stenti (kijibomba cha kuuzibua mshipa) haraka, sasa ananiuliza kaka tufanyeje. Nimeisoma mara tatu na usingizi ukakata, maana mwaka juzi mimi ndo nilikuwa huyo mzee.

Kifua kilikuwa kinanibana nikipanda ngazi za ofisini. Nikaenda hospitali moja hapa Dar, jina nalihifadhi, nikapigwa angio. Nikiwa bado nimelala pale mezani daktari akanigeuzia skrini: mshipa wa kulia 70, wa mbele kushoto 55. Huu wa kulia tunauwekea stenti, huu mwingine achana nao. Hela sikuwa nayo siku ile, nikarudi nyumbani, mke wangu analia, kaka yangu kashaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Kibaha.

Aisee, kukosa hela ndo kulikonipa muda wa kuuliza.

Daktari wa pili, mama mmoja mpole sana, aliangalia CD yangu akaniambia picha ya angio ni kivuli cha njia tu, inakuonyesha pamebana ila haikuambii damu inayofika mbele inatosha au haitoshi. Akanirudisha mezani, akapitisha waya mwembamba wenye kipimo cha presha mpaka ng'ambo ya pale palipobana, wakaniwekea adenosini, dawa ya kutanua mishipa (kifua kinabana na pumzi inakuwa fupi, usiogope, ikizimwa inaisha upesi), halafu wanachukua presha ya ng'ambo ya pale palipobana wanagawanya kwa ya kabla ya pale. Mshipa mzima unatoa 1. Ukishuka mpaka 0.80 au chini, msuli wa moyo unakosa damu.

Wa kulia, ule wa 70, ulitoa 0.88. Ule wa kuachana nao ulitoa 0.74!

Nilimuuliza inakuwaje. Akanieleza kwamba ule wa kushoto mbele unalisha sehemu kubwa sana ya moyo na ulikuwa umebana eneo refu, wa kulia ulibana padogo tu. Nikawekewa stenti moja, kwenye mshipa ambao kule kwanza wangeuacha. Naumia mpaka leo nikikumbuka. Sisemi yule wa kwanza alitaka kuniibia, aliamini macho yake, lakini macho peke yake hayatoshi jamani!

Na sio mimi tu. Utafiti wa FAME wa 2009, wagonjwa 1,005 wa Ulaya na Marekani, ulikuta kwenye mishipa inayoonekana imebana kati ya 50 na 70, ni kama 35 tu kwa kila 100 iliyokuwa inaunyima moyo damu kweli. Hata ya 71 mpaka 90, mmoja kwa kila mitano haukuwa na shida hiyo. Waliopimwa kwa waya waliwekewa stenti chache, wastani 1.9 badala ya 2.7, na mwaka ulivyoisha walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao.

Sa hivi kuna mahali hata waya hauingizwi, kompyuta inachukua picha zenyewe za angio au za sitiskani, inatengeneza umbo la mshipa na kukokotoa presha. Ya sitiskani Marekani waliiruhusu 2014. Ila picha ziwe safi, ukitikisika au mshipa ukiwa na chokaa nyingi hesabu inayumba.

Kwa hiyo dada yangu, chukua CD yote ya mzee, karatasi ya majibu peke yake haitoshi. Uliza: hiyo 60 mmeikadiria kwa macho au mmepima presha ndani ya mshipa? Uliza tena. Daktari mzuri hachukii swali, na wewe usione aibu kuuliza, ni baba yako. Dawa alizopewa asiache hata siku moja. Na kama kifua kinambana akiwa amekaa tu, au jasho la baridi linamtoka, hapo hakuna cha kutafuta maoni ya pili, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Mkipata namba ya hicho kipimo cha mshipa wa mzee niandikie, hata ikiwa usiku wa manane.