Paa la asbesto: kabla fundi hajapanda ngazi

Ukirithi au ukinunua nyumba ya zamani hapa Kenya, inua macho kwanza. Bati la kijivu lenye mawimbi mapana, unene wa milimita 6 hivi, limeota kuvu la kijani au jeusi, na mvua ikinyesha halipigi kelele kama mabati ya chuma. Angalia ukingo uliovunjika: ukiona vijinyuzi vimechomoza kwenye saruji, shuku asbesto, yaani madini ya nyuzi yaliyochanganywa kwenye saruji, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Nyumba ya marehemu baba ilikuwa hivyo, na ubao wa dari jikoni nao tukautilia shaka. Usisahau mabomba ya maji, matangi na mifereji ya zamani.

Macho hayatoshi, maana yako mabati ya saruji yaliyotengenezwa bila asbesto na yanafanana kabisa na yale mengine. Uhakika unatoka maabara, chini ya darubini. Sisi hatukupima. Paa lilikuwa la zamani mno, tukaamua kulichukulia kuwa ni asbesto tu, na bado naona huo ndio uamuzi wa busara kwa nyumba za rika lile.

Sasa, usikimbilie kuling'oa. Bati zima, lisilopasuka, linaachilia nyuzi chache sana. Hatari huzaliwa siku mtu anapolikata, analitoboa kwa drili, analisugua kwa brashi ngumu au kulipiga maji ya presha ili ling'ae kabla ya kupaka rangi. Kama paa liko imara, liache, lipakwe rangi bila kukwanguliwa, na likaguliwe kila mwaka. La kwetu lilikuwa limepasuka sehemu nyingi, ikabidi litoke.

Fundi wa kwanza alinicheka. "Mama, mimi nimeyakata haya tangu ujana, na sina hata kikohozi." Huenda ni kweli, lakini haithibitishi kitu. Nyuzi zenyewe ni nyembamba mno kuonekana, zikishaingia kwenye mapafu hukaa humo, na makovu ya mapafu, saratani ya mapafu au mesotelioma, ile saratani ya utando unaozunguka mapafu, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata 40. Kwa anayevuta sigara, uwezekano wa saratani ya mapafu hupanda zaidi. Fundi huyo sikumpa kazi.

Kazi ikifanywa sawasawa, inaonekana ya kivivu. Watoto na majirani wanaondoka. Mabati yananyunyiziwa maji yenye sabuni kidogo, taratibu, yabaki na unyevu muda wote. Boliti zilizoshika kutu zinalowanishwa na kukatwa kwa mkasi wa kukatia chuma, grinda hapana. Kila bati linateremshwa zima, mkono kwa mkono, halitupwi chini. Barakoa ya kitambaa, au ile ya hospitali, haisaidii kitu. Inatakiwa ya kuchuja vumbi jembamba, daraja la FFP3, iliyokaza usoni. Ovaroli ziwe za kutumia mara moja, maana fundi akienda nazo nyumbani, anayezifua ndiye anayelivuta lile vumbi. Mabaki yaokotwe yakiwa yamelowa. Ukifagia makavu, umeharibu kazi yote.

Halafu linakuja swali ambalo watu hawalipigii hesabu: yaende wapi? Jirani alitaka machache ya banda la kuku. Fundi mwingine alikuwa tayari kupunguza bei akiachiwa yote, na nilijua wazi yangeishia kwenye paa la choo cha mtu. Nilikataa, tukakosana kidogo. Tangu kanuni za taka za mwaka 2006, asbesto nchini Kenya ni taka hatari: inafungwa kwenye plastiki nzito, tabaka mbili, inaandikwa onyo, inabebwa na gari lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, pamoja na hati ya kuifuatilia, kisha inazikwa mahali palipoidhinishwa. Shimo la nyuma ya nyumba halihesabiki, na kuchoma ni wazimu: asbesto haiungui, na bati likipata moto mkali hupasuka na kurusha vipande.

Ushauri wangu wa pesa ni huu. Usikubali bei ya kung'oa peke yake. Dai bei moja yenye kung'oa, kufunga, kusafirisha na kuzika, na piga simu ofisi ya NEMA ya kaunti yako uhakikishe leseni ya mbebaji iko hai. Kwetu, usafirishaji na uzikaji ndivyo vilivyokula pesa nyingi, na ndipo penye kishawishi cha kutupa mzigo njiani usiku. Kwa hiyo bakisha sehemu ya malipo hadi uletewe hati iliyotiwa sahihi mahali pa kuzikia. Ihifadhi pamoja na hati ya kiwanja. Siku ukiuza, mnunuzi mwenye macho ataiulizia.