Hiyo 1990 Umeitoa Toleo Lipi?

Wadogo zangu, wiki iliyopita nimeletewa rasimu ya malengo ya tabianchi na kijana aliyeko kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Kurasa 31. Wa kwanza una vile viboksi 17 vya rangi vya malengo ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa, wa pili una picha ya mtoto kashika mche, wa tatu una sentensi hii: "Manispaa yetu itakuwa mfano wa kuigwa duniani ifikapo 2030." Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana mwaka wangu wa kwanza huku Uswidi niliandika sentensi hiyohiyo. Na mche nilikuwa nao. Wangu ulikuwa mzuri zaidi.

Huyu ni wa tatu ndani ya miaka miwili. Wote wana shahada ya pili ya chuo kikuu cha Lund au Uppsala, wana akili kunishinda, na wote wanajikwaa kwenye kisiki kilekile. Basi niandike mara moja, koo langu lipumzike. Sielezi baraza la madiwani ni nini wala kamati zinakaa lini. Asiyejua amuulize katibu wa kamati, na amwendee na keki ya mdalasini.

1. Kwanza ujue lengo linakaa wapi

Serikali kuu ina lake: sifuri halisi ifikapo 2045, yaani gesi joto inayotoka isizidi inayoondolewa, na uzalishaji wa gesi hizo ndani ya nchi uwe umeshuka kwa angalau asilimia 85 kutoka ule wa 1990. Usafiri wa ndani una lake: upungufu wa asilimia 70 ifikapo 2030, ila hapo kianzio, yaani mwaka wa kulinganishia, ni 2010. (Tayari mmeshachanganya vianzio viwili kwenye jedwali moja, nawajua.) Kuna malengo 16 ya mazingira ya taifa, na Länsstyrelsen, ofisi za serikali kuu mikoani, nao wana ya mkoa. Lakini hakuna kati ya hao anayeiamuru manispaa iandike lengo gani la tabianchi. Manispaa ziko 290 na kila moja inajitungia lake, kwa kuwa kujitawala kwao kumo kwenye katiba. Kinachodaiwa, na sheria ya 1977, ni mpango wa nishati uliopitishwa na baraza. Nendeni kabatini mkautafute. Wa kwetu nilipoukuta ulikuwa na namba ya faksi kwenye jalada.

Na tafadhali msininakilie Växjö, ile manispaa ya kusini. Kila mwaka lazima aje mtu na Växjö. Ni kweli waliamua 1996 kuachana na mafuta ya kisukuku, na heshima yao wanastahili. Lakini mtambo wao wa Sandvik ulikuwa ukichoma vipande vya miti tangu 1980, na msitu umewazunguka kila upande. Walitunga lengo juu ya kitu ambacho mikono yao ilishakishika. Sisi tuna mashamba ya ngano na barabara kuu.

2. Barabara kuu

Takwimu za uzalishaji za kila manispaa, zile zinazowekwa na SMHI, taasisi ya taifa ya hali ya hewa, zinahesabu moshi unaotoka ndani ya mipaka, basi. Hazijali nani kautoa wala anaelekea wapi. Ndiyo maana Lysekil wana kiwanda cha kusafisha mafuta kwenye takwimu zao, Gotland wana saruji ya Slite, na Luleå wana chuma. Unaweza kuwaondolea watumishi wote magari, wakaja kazini kwa baiskeli mpaka magoti yaote sugu, na mstari wa grafu usitikisike, kwa sababu bomba moja la moshi limeukalia.

Kwetu hakuna bomba, ila lori likitoka bandarini kwenda kaskazini linapita manispaa yetu kwa dakika kumi na moja bila kusimama hata kununua kahawa, na moshi wake unaandikwa kwetu. Nyama ya Brazil iliyoko kwenye friji za wananchi haimo. Simu zao hazimo. Kwa hiyo kuna hesabu tatu: ya ndani ya mipaka, ya matumizi ya wakazi, na ya shughuli za manispaa yenyewe, yaani magari, majengo na majiko yetu. Kila lengo liseme liko kwenye hesabu ipi. Msipike zote chungu kimoja.

3. Hili ndilo lililonifanya niandike

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Mkuu wangu alikuwa nyumbani na mtoto mwenye homa, na mimi nilikuwa nimerithi faili la Excel lililoitwa "mwisho_mpya_3". Jina hilo peke yake lingetosha kunishtua. Ndani kulikuwa na uzalishaji wetu kuanzia 1990, umepangwa vizuri, rangi ya kijani. Mtangulizi wangu alilijaza miaka kadhaa nyuma, akahama. Takwimu mpya za SMHI zikatoka. Nikaingia, nikachukua namba ya mwaka wa karibuni tu, nikaibandika chini ya zile za zamani. Grafu ikateremka kama mtoto kwenye kibembea cha kuteleza. Nikaandika: uzalishaji umepungua kwa asilimia 41 tangu 1990.

Nilichokuwa sijui, na nilikuwa naona haya kuuliza, ni kwamba kila wanapoboresha mbinu ya kuhesabu, tuseme wamejua vizuri zaidi magari yanatembea wapi, wanarudi nyuma kuhesabu upya mfululizo wote. 1990 nayo inahesabiwa upya. Kichwani mwangu 1990 ilikuwa imeshapita, nani ataibadilisha? Mimi mwenyewe nimezaliwa 1988 na haijawahi kusogea.

Slaidi ile ikaanza kuzunguka Oktoba. Watu waliipenda, na slaidi inayopendwa haina breki. Kamati ya ufundi ikaichukua kwenye mjadala wa bajeti: jamani, tuko mbele ya lengo, basi njia ya baiskeli ya kwenda shuleni isubiri mwaka mmoja, fedha ziende kwenye paa la ukumbi wa michezo. Novemba baraza likapitisha bajeti. Mimi nilikuwa kwenye roshani ya wasikilizaji, nimevaa shati jipya.

Februari nikaiwasilisha ripoti yenyewe kwenye kamati. Kulikuwa na diwani wa upinzani, mwalimu mstaafu wa hisabati, mzee mwembamba ambaye karatasi zake huziweka kwenye mifuko ya plastiki na hutembea na rula. Huku hata mwenyekiti anaitwa kwa jina lake la kwanza, lakini yule mzee kimoyomoyo nilikuwa namwamkia shikamoo kila nikimwona. Akanyanyua mkono, akasema kwa upole, "Nina swali dogo tu." Mkimsikia Mswidi anasema ana swali dogo tu, shikeni meza.

Alikuwa ameingia kwenye takwimu mwenyewe, nyumbani kwake, akachapisha mfululizo mzima. Akaweka karatasi mbili mezani, akalaza rula chini ya mstari wa kwanza kwenye hii, kisha kwenye ile. "1990 yenu," akasema, "na 1990 ya SMHI ni miaka miwili tofauti. Nauliza ni ipi tuliyoishi." Watu wakacheka kidogo. Mimi Kiswidi kikanikimbia chote, nikabaki na neno moja, "precis," ambalo ni kama kusema "haswaa", na nililirudia mara tatu.

Kwa mfululizo mmoja usiochanganywa, upungufu ulikuwa asilimia 33. Hatukuwa mbele ya lengo, tulikuwa nyuma yake. Ripoti ikarudishwa ofisini, gazeti la mtaa likaweka habari fupi ukurasa wa sita, na muhtasari wa kikao upo kwenye masjala mpaka leo, yeyote akiuomba anapewa. Mkuu wangu aliporudi hakunifokea. Alisema, "Afadhali limeonekana," akanimiminia kahawa, akaniambia niandike masahihisho yaende kwa kila aliyepokea slaidi ile. Walikuwa watu 64. Heri angenifokea.

Lakini hayo yote ni aibu tu, na aibu hupoa. Bajeti ilikuwa imeshapita. Mwaka mzima basi langu la asubuhi lilipita kwenye ile barabara isiyo na njia ya baiskeli, na watoto walikuwa wakitembea ukingoni, kwenye theluji chafu, wamevaa vizibao vya njano vinavyong'aa kwenye taa za basi. Nilikuwa nikihamia upande wa pili wa kiti. Njia ilijengwa mwaka uliofuata, na hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Bado nikipita huwa naihesabu kama yangu, kwa maana mbaya.

Ushauri: bandika mfululizo wote, si mstari mmoja, na chini ya kila jedwali uandike tarehe uliyopakua.

4. Ya haraka haraka

Lengo likipitishwa na baraza haliyafikii makampuni ya manispaa, ya nyumba na ya nishati, mpaka liingizwe kwenye maelekezo ya mmiliki. Rasimu iwafikie wahasibu kabla ya Julai, maana Julai nchi nzima iko kwenye vibanda vya kando ya ziwa. Kila imeili yako ya kazini ni waraka ambao mwananchi anaweza kuuomba, mila hii ni ya tangu 1766, kwa hiyo utani kuhusu madiwani upelekeni jikoni. Kabla ya kuahidi vituo vya kuchajia magari kwa fedha za Klimatklivet, ruzuku ya serikali ya kupunguza gesi joto, pigeni hesabu ya kilo ngapi za gesi zinapungua kwa kila krona, kwa sababu wao wataipiga.

5. Jikoni kwenyewe

Hii ilikuwa iwe nukta kuhusu zabuni, lakini nimetaja jiko, basi twende. Niliwahi kuandika lengo la kupunguza nyama kwenye milo ya shule. Likawa lengo zuri, lina asilimia na lina mwaka. Nikachagua Alhamisi iwe siku ya dengu. Nani angeniambia kwamba Alhamisi, tangu enzi na enzi, Waswidi wanakula supu ya njegere za manjano na chapati za maji? Watoto wa darasa la pili waliniandikia barua. Mmoja alinichora.

Mpishi mkuu wa shule ile, mama wa makamo mwenye mikono kama ya mvuvi, aliniita. Hakusema mengi. Alinipa aproni na kunisimamisha kwenye lile pipa ambalo watoto wanakwangulia mabaki, chini yake kuna mizani. Nikasimama dakika arobaini. Nikaona viazi vizima vinaingia, na kila darasa linapopita namba inapanda. Akaniuliza, "Umewahi kupikia watu 400?" Nikamwambia harusini, kwetu Tanga, nilikuwa nachochea tu. Akacheka. Siku hiyo nilijifunza kwamba chakula kingi kilitupwa kwa sababu muda wa kula ulikuwa mfupi na watoto walikuwa wanakimbilia mpira. Wakarefusha mapumziko kwa dakika kumi. Haikuwemo kwenye rasimu yangu yoyote.

6. "Itachangia katika"

Rasimu ikirudi kutoka remisi, yaani ilikozungushwa kwa wadau watoe maoni, angalia vitenzi kabla ya namba. Uliandika manispaa *ska*, yaani itafanya, imekuwa *bör*, yaani yafaa ifanye. Ukurasa wa mbele imekuwa *verka för att*, yaani itachangia katika juhudi za kuelekea kwenye kufanya. Namba imebaki palepale, asilimia zileile, ila kitenzi kimetolewa mifupa. Mimi huzihesabu. Rasimu moja iliondoka na *ska* 22, ikarudi na 5. Usilie. Chagua mbili unazozihitaji kweli, nenda kaongee na mwenyekiti mwenyewe, nyingine waachie.

Na mkumbuke uchaguzi ni Jumapili ya pili ya Septemba kila baada ya miaka minne. Lengo linalopitishwa kwa kura moja mwezi wa tano wa mwaka wa uchaguzi ni kama hema kwenye upepo.

7. Yasiyo mikononi mwetu

Januari 2024 serikali ilishusha sharti linalowataka wauza mafuta wapunguze gesi joto kwa kuchanganya mafuta ya mimea kwenye dizeli, kutoka asilimia 30.5 hadi 6. Kwetu hakuna diwani aliyenyanyua mkono, hakuna gari lililoongezeka, na bado makadirio yetu ya usafiri yalivunjika siku ile. Tangu hapo kila lengo nalikata vipande viwili: kinachoamuliwa na sisi, na kinachoamuliwa Stockholm au Brussels. Madiwani hawakipendi kipande cha pili. Wanaona kama nawatafutia kisingizio, na kuna siku wana haki.

Yule mwalimu wa hisabati hayupo tena kwenye baraza, alijiuzulu kwa ajili ya mgongo. Takwimu mpya zikitoka imeili yake inanifikia kabla sijafungua tovuti, haina salamu, ina jedwali tu.

Na wewe mdogo wangu wa kurasa 31, rasimu yako nimeirudisha mezani kwako. Mche nimeuacha. Viboksi nimeviacha, mwenyekiti anavipenda. Nimeandika kwa penseli mahali pamoja tu, ukurasa wa 14, jedwali la pili, safu ya kwanza: hiyo 1990 umeitoa toleo lipi?